Fundi wa vitabu vya picha, Ngamiani: mshono mpe, laminesheni mkatalie

Ngamiani, Tanga, katika zile barabara za namba, kwenye baraza linalopakana na fundi baiskeli, ipo meza moja, kabati moja la vioo na mzee mmoja anayejalidi vitabu. Bango hana. Ukiuliza "kwa fundi wa vitabu vya watoto" huenda dereva wa bajaji akakutazama tu. Mwambie pale panaposhonwa misahafu, atakupeleka. Misahafu, juzuu za madrasa na leja za maduka ndizo zilizomlisha miaka yote. Vitabu vya picha vimekuja baadaye, watu wazima walipoanza kuvitoa mvunguni na kwenye masanduku ya bibi zao, wakitaka watoto wavione. Tathmini hii ni ya kazi hiyo ya mwisho tu, pamoja na vitabu anavyoviuza kabatini.

Tuseme mapema ili mwenye haraka aondoke na jambo. Kwa kushona, mpe. Kwa kubandika, msimamie. Kwa laminesheni, kataa hata akikupa bure.

Vitabu vya picha vya Kiswahili wanavyovikumbuka waliosoma miaka ya 1970 na 1980 vilikuwa vyembamba. Karatasi chache zimekunjwa katikati, zikapigwa pini mbili mgongoni, jalada ni karatasi nene kidogo kuliko za ndani, basi. Vya miaka ya 1990, vikiwemo vilivyotoka chini ya Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991, vina rangi zaidi, lakini vingi mgongoni ni pini zilezile. Na pini ndiyo ugonjwa wa kwanza wa kitabu chochote kilicholala Tanga. Hewa ya hapa ina chumvi na unyevu. Chuma kinashika kutu, kutu inajaza nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, tundu linapanuka, na karatasi iliyolizunguka inageuka kahawia kisha inakuwa kama biskuti. Siku mtoto akifungua ukurasa wa kati, karatasi inabaki mkononi na pini inabaki mgongoni. Mtoto anachapwa kwa kosa la bahari.

Hapo ndipo fundi huyu anapojipatia sifa. Pini haivuti. Anafungua kitabu katikati, anaingiza ncha ya kisu butu chini ya miguu ya pini, anainyanyua mpaka isimame wima, halafu anageuza kitabu na kuitoa kwa upande wa nje kwa plaizi ndogo, mguu mmoja kwanza, wa pili baadaye. Mguu ukikatikia ndani anausukuma kwa sindano. Unga wa kutu anaupangusa kwa brashi kavu. Maji hagusi, kwa sababu maji hulisambaza doa likawa kubwa mara mbili. Doa lenyewe analiacha, na yuko sahihi. Wapo wanaolipaka ndimu na chumvi: doa linafifia kweli, lakini asidi ya ndimu inabaki ndani ya karatasi, na baada ya muda mahali palipokuwa na doa pana tundu.

Kabla ya kushona anahesabu kurasa, na hapa inafaa mteja naye ajue hesabu yake, maana ndiyo inayokuambia kitabu kina upungufu gani hata kabla hujafika kwa fundi. Kila karatasi iliyokunjwa ina kurasa nne, kwa hiyo kijitabu cha aina hii kina kurasa 16, 24, 32 au namba nyingine inayogawanyika kwa nne. Kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi moja, ukizijumlisha, unapata jumla ya kurasa zote na moja juu yake. Katika kitabu cha kurasa 24, ukurasa wa 5 umeungana na wa 20, na wa 6 na wa 19. Ukiona jani la 5 na 6 halipo, kaliangalie la 19 na 20: ama linaning'inia, ama lilishaanguka zamani na hakuna aliyegundua kwa kuwa hadithi ilikuwa imekaribia mwisho. Karatasi ya katikati inabeba 11, 12, 13 na 14, na picha kubwa ya kurasa mbili huwekwa pale pale katikati kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo picha inapita kwenye mkunjo bila kukatwa. Ndiyo maana picha ambayo watu wengi wanaikumbuka zaidi ndiyo ya kwanza kupotea.

Mshono wake ni wa matundu matatu kwa vitabu vya kawaida, matano kwa vinavyozidi sentimita 25 kwa urefu. Kitabu cha sentimita 21 anakitoboa tundu la kati kwenye sentimita 10.5, na mengine mawili sentimita 4 kutoka kila ncha. Hizo sentimita 4 si za kubahatisha. Pini za kiwandani mara nyingi huwa kama sentimita 5 kutoka ncha, na yeye hataki uzi upite kwenye tundu lililoliwa na kutu. Anatoboa kwa msharasi mwembamba, kutoka ndani kwenda nje, kitabu kikiwa kimelala ndani ya boksi lililokunjwa kama herufi V ili ncha itokee kwenye mkunjo wenyewe na si pembeni yake. Tundu likihama milimita mbili tu kutoka kwenye mkunjo, kitabu hakitafunga vizuri tena, na mafundi wengi wa stempu na kopi wanakosea hapo hapo.

Uzi ni wa pamba, urefu mara tatu ya kitabu, na unapitishwa kwenye nta ya nyuki mara mbili. Anaanzia ndani, tundu la kati, anatoka nje; anaingia kwa tundu la juu; ndani anaruka la kati hadi la chini, anatoka; anarudi kuingia kwa la kati. Sasa ncha mbili za uzi ziko ndani, moja upande huu wa ule mshono mrefu na nyingine upande ule, na fundo linafungwa juu yake. Ncha zote mbili zikiwa upande mmoja, fundo halina cha kushika na mshono utalegea ndani ya wiki. Hilo ndilo la kukagua kabla hujalipa: fungua katikati, angalia kama fundo limeukumbatia mshono mrefu. Mikia ya uzi aiache kama sentimita moja. Ikikatwa fupi sana, fundo linafunguka mtoto akianza kulichezea.

Wanaoujua mji huu kwa mkonge humuuliza kwa nini asitumie katani. Katani ni nene na ina ukali. Karatasi inavutwa kila kitabu kinapofunguliwa, na uzi wa namna hiyo unafanya kazi ya msumeno. Nailoni ya mshipi nayo haiozi wala haipati kutu, ila fundo lake linateleza. Pamba yenye nta ndiyo jibu. Ikikatika, inakatika uzi na si karatasi, na uzi unashonwa upya kwa dakika ishirini.

Kuna jambo dogo analofanya ambalo hatujaliona kwingine. Uzi mweupe kwenye karatasi iliyogeuka njano unapiga kelele, hasa kwenye picha ya katikati. Kitabu kimoja tulichokagua kina mbuzi aliyesimama kwenye mkunjo wenyewe, na uzi mweupe ungemkata shingo. Fundi huchovya uzi kwenye chai ya rangi kali kwa saa moja, anauanika kivulini, ndipo anautia nta. Unatoka na rangi ya ukurasa. Mbuzi yuko mzima, na usipoambiwa, uzi huuoni.

Bei ya kushona peke yake ni shilingi 2,500, na unaweza kusubiri. Kutia kiraka ukurasa uliochanika ni 500 kwa ukurasa. Mgongo mpya wa kitambaa cha marekani kwa kitabu cha jalada gumu ni 6,000, na hicho usikisubiri. Usemi wa mji wetu wa waja leo waondoka leo, kwenye gundi haufai: mgongo uliobandikwa unahitaji kulala chini ya uzito saa 24, na wakati wa masika siku mbili. Mteja akimharakisha, fundi anampa kitabu jioni ile ile, na hilo ni kosa la fundi. Kitabu kikitoka kabla ya kukauka, majalada yanapinda kama mgongo wa mtumbwi na hayarudi.

Kwenye gundi ndipo anapopungua. Kwa viraka vya kurasa anatumia uji wa ngano, na huo ni mzuri kwa kuwa unaweza kutolewa kwa unyevu kidogo siku kiraka kikihitaji kubadilishwa. Kipimo ni kijiko kimoja cha unga kwa vijiko vitano vya maji, kikorogwe kwenye moto mdogo mpaka kiwe kama kioo chenye ukungu, kipoe, kisha kichujwe kwa kitambaa. Kwa joto la hapa uji huo ni wa siku mbili, wa tatu umechacha. Anatia tone la mafuta ya karafuu kuupa umri, nayo pia huwapunguzia kombamwiko hamu. Tatizo ni wingi. Anapaka kama anapaka siagi kwenye mkate. Karatasi ikilowa inatanuka, ikikauka inasinyaa, na kiraka kilicholoweshwa sana kinaacha ukurasa una mawimbi. Mwambie apake kiraka, asipake ukurasa, na akipanguse kwa karatasi kavu kabla hajakibandika.

Kiraka chenyewe kinatakiwa kiwe karatasi nyembamba ya shashi, nyeupe, iliyochanwa kwa mkono na si kukatwa kwa mkasi. Kingo zilizochanwa zina nyuzi zinazoshikana na ukurasa. Kingo za mkasi zinaacha mstari unaoonekana, na baadaye ukurasa unachanika kwenye mstari huo huo. Msimamie hapo, kwa sababu shashi nyeupe ikimwishia anachukua ile ya rangi ya kutengenezea vishada. Ya rangi hutoa rangi ikilowa. Tumeona ukurasa wenye picha ya kisima ambao anga lake limeingia wekundu usiokuwepo alipouchora mchoraji.

Kwa migongo anatumia gundi nyeupe ya maseremala. Inashika, ikikauka inabaki laini kiasi, haivunjiki kama gundi ya moto ya viwandani. Lakini haitoki tena. Kwa hiyo kwenye kitambaa na kadibodi aitumie, kwenye ukurasa wenye picha isiguse. Akikata karatasi mpya za kufunika ndani ya jalada, mwombe aangalie kwanza nyuzi za karatasi zinaelekea wapi. Ikunje kidogo bila kuivunja, mara kwa urefu, mara kwa upana: upande unaopinda kwa wepesi mkunjo wake unafuata nyuzi, na mkunjo huo uende sambamba na mgongo wa kitabu. Akiweka kinyume, jalada litapambana na kurasa kila msimu wa mvua. Fundi anajua hili vizuri kwenye misahafu, sijui kwa nini kwenye vitabu vya watoto analipuuza. Pengine ni bei.

Selotepu ni janga la karibu kila kitabu kinachofika mezani kwake. Ukurasa ulichanika, mzazi akabandika, miaka ikapita, plastiki ikabanduka yenyewe na kuacha utepe wa gundi ya rangi ya asali uliozama kwenye karatasi. Njia yake ya kuitoa ni nzuri: karatasi nyeupe juu, pasi ya joto la chini kwa sekunde chache, kisha anaivuta selotepu kwa kuilaza nyuma yake yenyewe, sambamba na ukurasa. Ukiivuta kwenda juu, inaondoka na picha. Gundi inayobaki anaisugua kwa ufutio laini ikishapoa. Doa halitoki, na yeye anakuambia mapema kwamba halitoki. Spiriti anaijaribu kwanza kwenye kona isiyo na picha, maana wino mwingine unayeyuka. Kazi hii ni ya polepole na analipisha 500 ile ile ya kiraka. Hapo anajidhulumu.

Sasa laminesheni. Ana mashine, na wateja wengi wanaitaka kwa kuwa jalada linatoka linang'aa kama jipya. Lakini inafunga unyevu uliomo ndani ya karatasi, na karatasi iliyokaa Tanga haikosi unyevu. Ukungu huanza kuota unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 au 70 kwa siku kadhaa, na hapa sehemu kubwa ya mwaka tuko juu ya hapo. Madoa meusi yakianzia ndani ya plastiki huna njia ya kuyafikia. Kingo zikifunguka, maji yanaingia na hayatoki. Na plastiki haiwezi kubanduliwa bila kuondoka na wino. Muulize badala yake kava ya nailoni inayovishwa kama ya daftari, iliyokunjwa pembeni bila gundi. Anazo, ni 1,000, ila hazitaji mpaka uulize.

Lawama yetu kubwa si laminesheni lakini. Ni kwamba hakatai kazi. Vitabu vilivyochapwa kwenye karatasi ya aina ya gazeti vina mabaki ya mti yanayoigeuza karatasi njano, kisha kahawia, kisha inavunjika yenyewe. Kwa kitabu kama hicho kushona ni kukiua: kila tundu ni mwanzo wa ufa. Kipimo ni rahisi. Chukua kona ya jani lililokwisha kuchanika, ikunje mbele na nyuma. Ikikatika kwenye mkunjo wa pili, kitabu hicho si cha kushonwa. Ni cha kupigwa picha na kutiwa kwenye jalada la kadibodi, kifunguliwe mezani kwa mkono mkavu. Yeye atakishona, atachukua 2,500, na utarudi nacho baada ya mwezi kikiwa na vipande. Kwa hiyo pima mwenyewe nyumbani.

Ukikipiga picha, kiweke karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, mwanga utoke pande mbili, mmweko wa simu uzimwe. Simu iwe sambamba na ukurasa, la sivyo picha itatoka imelala kama paa la makuti. Wenye skana waweke nukta 300 kwa inchi (dpi) kwa picha za rangi za ukubwa ule ule, 600 kwa michoro ya mistari.

Kitabu kilicholowa ni habari nyingine, na muda ndio kila kitu. Vile vya karatasi inayong'aa vina tabaka la udongo mweupe juu. Likilowa linakuwa gundi. Kurasa zikikauka zikiwa zimegusana zimekuwa ubao, na hakuna fundi atakayezitenganisha, si huyu wala mwingine. Zitenganishe zingali mbichi, jani kwa jani, ukipenyeza karatasi ya kuokea keki katikati, kisha kianikwe kivulini penye upepo. Huna nafasi siku hiyo? Kizungushie nailoni ya chakula, kitie kwenye friza. Kitasubiri hata wiki. Fundi hukubaliana na hili la friza, ingawa anasema wateja humcheka akiwaambia wakaweke kitabu kando ya samaki.

Alasiri moja mama mmoja alileta kitabu cha kuhesabu kilichobaki majani sita, amekifunga kwa kitambaa cha kichwani. "Fundi, nataka kiwe kama zamani."

"Kama zamani hakiwi, dada'angu." Alikuwa ameshaanza kupanga majani kwa namba. "Kitafunguka tu bila kumwagika."

Hivyo ndivyo anavyofanya, na mwenye kutarajia zaidi asije.

Kabati la vitabu vya kuuza lina rafu tatu. Ya juu ni vitabu vya shule vya zamani, ya kati hadithi, ya chini mchanganyiko ulioachwa na wageni. Bei ni kati ya 3,000 na 15,000, na jambo la kusifiwa ni kwamba ndani ya jalada la kila kitabu ameandika kwa penseli upungufu wake: "k. 5–6 hamna", "jalada si lake". Hatujakuta kitabu ambacho maandishi yale yalidanganya.

Watu wengi hawakumbuki jina la kitabu. Wanakumbuka picha, na upande wa ukurasa picha ilipokaa. Mwambie hivyo hivyo, anazoea. Mwambie pia kama mlisoma darasani au nyumbani, maana ndiyo inayoamua rafu. Sungura wa "sizitaki mbichi hizi", kwa mfano, watu humtafuta kwenye hadithi na hawampati. Alikuwa wa darasani, kwa hiyo mtafute rafu ya juu. Rafu ya chini wakati mwingine hupita vitabu vya Kimarekani kuhusu Kiswahili. Vinavyoulizwa zaidi ni viwili vya Muriel Feelings vilivyochorwa na Tom Feelings, *Moja Means One* cha 1971 cha kuhesabu hadi kumi na *Jambo Means Hello* cha 1974 cha alfabeti, ambavyo vyote vilipata heshima ya Caldecott, tuzo ya vitabu vya picha vya watoto huko Marekani. Hicho cha alfabeti kina herufi 24, kwa kuwa Q na X hazina kazi kwetu. Ukikiona kinasemwa hakijakamilika kwa sababu hiyo, kimekamilika.

Angalia kabati limekaa wapi. Vioo vyake vinatazama magharibi na jua la alasiri linaingia. Kati ya rangi nne za mtambo wa kuchapa, ya njano na ile ya majenta, yaani waridi iliyokolea, ndizo zinazokimbia kwanza. Bluu na nyeusi zinabaki. Ndiyo maana majalada ya mbele yote yana ubluu, na mama aliyechorwa na kanga nyekundu amebaki na kanga ya kijivu. Usihukumu kitabu kwa jalada hilo, fungua ndani. Vitabu vya rangi mbili, nyeusi na nyekundu au nyeusi na kijani, kwa ndani vimehimili kuliko vya rangi nne. Kasoro yao ni rangi kuhama: nyekundu imepigwa milimita mbili kando ya mistari na midomo ya mtoto iko shavuni. Hiyo ni ya tangu kiwandani, wala isikupunguzie hamu. Wengine ndiyo wanayoikumbuka.

Kuna kopi zinazopita kama vitabu vya asili, si kwa nia yake, ila zinaletwa na kuuzwa kwake. Chukua lenzi ya fundi saa, au kamera ya simu iliyokuzwa hadi mwisho. Kitabu cha rangi nne kilichochapwa kwa mtambo kina vidoti vilivyojipanga kama maua madogo. Kopi ya mashine ya wino wa unga ina mistari midogo mshazari na inang'aa kidogo ukiipindua kwenye mwanga. Kwenye kitabu cha rangi mbili ni rahisi zaidi: nyekundu yake ni nyekundu moja. Ukiona imejengwa kwa vidoti vya njano na majenta, hiyo ni kopi, na bei yake iwe bei ya kopi.

Nyumbani usikihifadhi kwa naftalini, ni sumu kwa watoto na harufu haitoki. Kopo lenye mfuniko mkali, vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, na kukifungua kila baada ya wiki mbili kukipepea, vinatosha. Kisikae chini sakafuni wala kigusane na ukuta wa nje.

Chini ya meza, nyuma ya tindo na makopo ya gundi, ana boksi la majani yatima, kurasa zilizotoka kwenye vitabu visivyoweza kuokolewa. Hazitangazi. Kama kitabu chako kina jani lisilopo, nenda na vitu vitatu: urefu wa ukurasa kwa milimita, namba za jani linalokosekana, na neno la mwisho la ukurasa unaolitangulia. Anapima kwanza kwa rula, kisha namba, kisha anasoma neno kwa sauti na kuanza kupekua. Jani likipatikana ni 1,000. Lisipopatikana anaandika namba zako kwenye daftari, na Jumamosi asubuhi ndiyo siku anayopokea mizigo mipya.